Kamba Ikinyamaza

Wafula, baba,

Salamu siandiki. Tumetoka kunywa chai pamoja saa hii tu, na sasa wewe na mama yako mmeenda kumuaga kukhu wako ng'ambo ya mto. Najua kukhu hawezi kuachilia mjukuu aende safari bila kumchinjia kuku, kwa hivyo niko na kama masaa mawili. Nimefunga mlango. Nimetoa karatasi za katikati kwa daftari ya hesabu ya dada yako. Usimwambie.

Mimi shule niliacha darasa la nne, unajua. Usiangalie vile nimeandika, angalia tu kitu nasema. Hii wiki nimejaribu mara tatu kuongea na wewe kwa mdomo. Jumatatu ulikuja hapo kwa banda yangu ya baiskeli, tukawa wawili tu, nikafungua mdomo, nikasema, "Pitisha ile spana." Jumatano tukiwa tunapalilia nikakuuliza kama mbuzi amefungwa, na mbuzi tulikuwa tunamuona. Jana umekaa hapo nje unafunga mzigo, nikasimama nyuma yako mpaka ukageuka. Ukasema, "Ni nini, baba?" Nikasema soksi. Ati usisahau soksi. Nikarudi ndani nikajipiga ngumi kwa paja.

Kwa hivyo mambo ya soksi na blanketi na sabuni siandiki tena. Mama yako ameshakuambia. Na kazi yenyewe Mzee Gathogo atakufundisha kuliko mimi. Yeye ndiye alinifundisha.

Nimekasirika, Wafula. Nikuambie mapema, usije ukaishangaa huko katikati ya barua. Wewe nimekukasirikia kidogo. Ile kubwa ni mimi mwenyewe.

Nianze na hiyo kidogo. Siku ile tulienda mtoni chini ya daraja, ujaribu ile nguo ya mpira nimekuzibia. Unakumbuka vile nilifanya hiyo nguo. Ilikuwa ya mtumba, ya mtu mnene wa huko ng'ambo, nikaipunguza shingo na mikono na tyubu ya baiskeli na solushoni, nikikaza vile nakaza pancha. Nguo ikilegea shingoni, maji inaingia na kutoka, na kila ikitoka inaenda na joto yako. Ikibana, yale maji kidogo yameingia yanakaa, mwili unayapasha, unakuwa kama uko ndani ya chai vuguvugu. Hiyo najua. Hiyo kazi ya tyubu ndiyo kitu moja kwa hii dunia sioni haya nayo.

Ukaingia. Mimi nikashika kamba. Tulikuwa tumekubaliana: kuvuta moja ya huku juu ni kuuliza, na moja yako ni kujibu uko sawa. Mbili, nipe kamba. Tatu, nitoe. Nikakuuliza, ukajibu moja. Nikakuuliza tena, ukajibu moja. Mara ya tano nikachoka nikakuvuta kwa nguvu kama ndama. Ukatoka midomo imekuwa rangi ya zambarau, meno umeyauma, shingo imekuwa ngumu kama ubao.

Nikakuuliza, "Umesikia baridi?"

Ukasema, "Apana, baba. Niko fiti."

Nikakuambia ufunge ngumi ufungue. Hukuweza. Nikakuambia guza kidole kidogo na kidole gumba. Ukacheka ati hiyo ni michezo ya nasari, ukaficha mkono nyuma. Kisha ukakohoa siku mbili na kila ukikohoa unaenda nyuma ya choo ndio nisisikie. Nasikia, Wafula. Mimi si mtu wa kuongea, lakini masikio yangu yote mbili iko kazini, na utaona huko mbele kwa nini nimesema hiyo.

Hapo ndio nilikukasirikia. Halafu nikiwa nakunja kamba nikajiuliza, huyu mtoto hii kitu ametoa wapi? Na nilijua ametoa wapi. Ametoa kwangu.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu, siku yako ya kutahiriwa. Ilikuwa mwezi wa nane, ile baridi yenye hata ng'ombe hataki kuamka. Wamekupeleka mtoni alfajiri, wamekupaka matope, mkarudi mnaimba. Mimi nilikuwa nimesimama kwa njia na wazee. Ulipopita mbele yangu ulikuwa unatetemeka. Si woga, nilijua si woga, mtu yeyote mwenye damu angetetemeka na hayo matope. Lakini kando yangu mzee mmoja akasema polepole, "Wa Wekesa huyo anatingika." Na mimi nikakuangalia. Nilikuangalia tu, na wewe ukaona. Ukauma ulimi. Ukaacha kutetemeka pale pale, na mpaka ukasimama uwanjani haukutetemeka tena hata kidogo. Baadaye mama yako akakuta damu kwa mdomo wako, akaniuliza imetoka wapi.

Watu walinisifu siku hiyo. Nilikunywa busaa nyingi. Nilikuwa mtu mwenye furaha sana.

Tangu hiyo siku sijawahi kusikia ukisema unasikia baridi. Miaka tano. Hata ile mvua ya mawe ilitupata tukitoka Kamukuywa sokoni, ukavua koti ukampa dada yako na ukasema, "Mimi niko fiti." Watu wanasema kijana wako ni mwanaume. Mimi nanyamaza. Kwa sababu najua kitu moja ambacho hao hawajui, na hata wewe hujui, na hiyo ndiyo nimefungia mlango.

Wewe unajua niliacha kazi ya madaiva, ya kuzama chini ya maji, kwa sababu ya hivi vidole viwili vimekufa. Hivyo ndivyo nimekuwa nikisema. Ni kweli, lakini ni ukweli wa kuficha ukweli ingine.

Ulikuwa darasa la tatu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa naishi Kibomet, hapo hapo unaenda, nakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Tulikuwa watatu. Mzee Gathogo ndiye mwenye mitungi ya hewa na mashine ya kuijaza. Mimi ndiye nilikuwa nashuka chini. Na kamba ilikuwa na mtu anaitwa Ndiema, wa Cheptais, mrefu, mtani, hawezi kukaa kimya. Mimi siongei, yeye haachi kuongea, kwa hivyo tulielewana. Nilikuwa nikimwangalia tu na kucheka.

Kazi yetu ilikuwa mabwawa ya mashamba makubwa huko nje ya Kitale. Utaona mwenyewe. Wakati wa jua hakuna mtu anatafuta daiva. Ni mvua ikishanyesha, mwezi wa sita, wa saba, wa nane, mto unaleta majani na mahindi na matawi na viatu vya watu, zinakwama kwa ile neti ya chuma iko mdomoni mwa paipu. Maji haifiki kwa shamba. Ndio sasa wanatuita. Kwa hivyo kazi yetu inakuja na baridi. Zinashikana mkono. Maji yenyewe imetoka mlimani, ukiingiza mguu unafikiri umeumwa.

Mzee Gathogo alikuwa na sheria zake za hiyo miezi. Kabla ya kushuka, birika ya maji moto: moja shingoni, moja kwa glavu. Uji wa mafuta, si chai ya rangi. Pombe hata kunusa hapana, kwa sababu pombe inakudanganya umepata joto na huku inaitoa nje. Kofia ya mpira kichwani. Na alikuwa anasema baridi inakula hewa, kwa hivyo mtungi wa saa moja wakati wa jua ni wa dakika arobaini mwezi wa saba, kwa sababu unahema kama mbwa. Usiketi karibu na moto ukitoka, mkono uliokufa ganzi unaungua na wewe unauangalia tu.

Lakini ile kubwa alikuwa anarudia kila asubuhi, mpaka Ndiema akawa anamwigiza nyuma yake, kidole juu: "Ukianza kutetemeka, toka. Ukiacha kutetemeka na bado hujatoka, mimi nitakuja kukutoa na gunia."

Ndiema anasema, "Mzee, Wekesa hatetemeki. Huyo anajipikia chai ndani ya suruali huko chini."

Mzee anasema, "Basi ioshwe na yeye mwenyewe hiyo nguo."

Mimi nacheka. Lakini ile ya kutetemeka ilikuwa inaniuma, unajua. Hawa wawili hawakuwa watu wetu. Nilikuwa naona, mimi nimesimama mtoni nikiwa kijana mdogo na matope mwilini na watu wote wakiniangalia, sikutingisha hata kope, sasa nitatingika mbele ya mtu wa Cheptais na mzee wa watu wa Nyeri, kwa sababu ya maji ya mtu ya kunyunyizia maua? Hivyo ndivyo nilikuwa nafikiria. Sikuambia mtu. Ningeambia mtu, labda angenicheka, na ingeisha.

Siku hiyo neti ilikuwa imeshikwa na mti mzima. Nilikuwa nimeshashuka mara mbili. Mzee alikuwa ameenda na pikapu kutafuta msumeno. Alituambia tumngoje. Tukakaa kwa ukingo mimi na Ndiema, mvua inanyunyiza. Nilikuwa natetemeka. Nikashika magoti, nikauma meno.

Ndiema akasema, "Bana, si unatetemeka."

Nikasema, "Ni upepo."

"Upepo gani na majani haisongi?"

"Niko sawa."

"Wekesa. Kunywa uji, kaa. Mzee akija ataenda kuangalia mwenyewe."

Na mimi, ambaye sisemi, siku hiyo nikasema. Nikamwambia, "Wewe shika kamba. Kazi yako ni kamba." Hakucheka. Alinifunga kamba kiunoni, akakaza fundo, akanipiga begani. Nikashuka. Bila msumeno, bila birika ya maji moto, kwa sababu birika ingemaanisha nasikia baridi.

Hapo chini hakuonekani kitu, ni kahawia tu. Unafanya kazi na mikono. Nikashika tawi, nikavuta, nikaingiza mguu katikati ya matawi ndio nipate nguvu. Ndiema akavuta moja. Nikajibu moja. Nilikuwa natetemeka mpaka ile kitu ya kupumulia mdomoni inagonga meno. Akavuta tena. Nikajibu moja. Vidole havikuwa vinafunga, nilikuwa natumia viganja kama mtu amevaa makopo.

Halafu, Wafula, nikapata joto.

Sikiliza hapa vizuri. Nilipata joto. Nikawa sawa kabisa. Nikafikiria mama yako, nikafikiria nitalala kidogo hapo kwa hayo matawi kabla ya kuendelea. Kutetemeka kukaisha. Nikafurahi, nikasema ndani yangu, unaona sasa, mwili wa mwanaume. Nikafikiria hata kutoa glavu, kwa sababu ya joto. Ndiema akavuta mara ya tatu. Na nilikuwa nimebaki na akili kidogo ya kujua hiyo ni swali. Nikajibu moja. Niko sawa.

Baada ya hapo sikumbuki mambo ya maji. Nakumbuka nimelala kwa nyasi, Mzee Gathogo amenifunika gunia na koti lake, ananisugua kifua, anaita jina langu. Na kando yangu Ndiema amekaa na suruali na fulana tu, amelowa, damu imetoka kwa sikio lake la kulia inashuka shingoni. Mguu wangu ulikuwa umeshikwa na yale matawi, kamba haingenitoa. Aliruka. Bila nguo ya mpira, bila mtungi, na homa alikuwa nayo tangu asubuhi. Alishuka mara nne, wachungaji walihesabu, mzee akaniambia baadaye. Mara ya nne ndio akanifungua.

Mzee akasimama. Akamuuliza, "Kamba ilikuwa na nani?"

Ndiema akasema, "Mimi."

"Si nilisema mningoje?"

"Alitaka kushuka, mzee."

"Na wewe uliuliza?"

"Niliuliza mara tatu. Akajibu sawa, mara tatu."

"Mtu anakufa anajibu sawa? Ulikuwa umelala wewe. Ama ulikuwa unapiga domo na wachungaji."

"Muulize mwenyewe."

Na mzee akainama, akaniuliza polepole, kama mtu anauliza mtoto mgonjwa. "Wekesa. Ulijibu?"

Nilikuwa na akili yangu. Nilikuwa nasikia. Ndiema alikuwa ananiangalia na maji bado inamtoka kwa nywele. Nikaona nikisema ndiyo, swali lingine litakuwa ni kwa nini, na jibu ni kwamba nilidanganya mara tatu kwa sababu niliona haya ya kutetemeka.

Nikasema, "Sikumbuki."

Nikafunga macho.

Ndiema alifukuzwa siku hiyo hiyo. Jina lake likazunguka Kitale yote ati huyo ni yule anasinzia na mtu yuko chini. Hakuna mwenye angempa kamba tena. Sikio lilikufa. Kifua kilimsumbua mwaka mzima. Mimi nikaletewa sukari na mkate, nikarudishwa nyumbani, watu wakasema Mungu ni mkubwa. Wewe uliniletea gari ya tope umetengeneza, ucheze na mimi kitandani. Sikuweza kukuangalia.

Hivyo ndivyo niliacha kazi. Kwa vidole hivi ningeweza kuendelea. Lakini kila mtu mpya akishika kamba yangu, mimi naona Ndiema.

Nimekaa na hiyo kitu miaka yote hii. Nikipanga kwenda Cheptais, napata kazi ya pancha. Halafu ikaja ile miaka ya matata kule mlimani, hakukuendeka, watu wanakimbia, na nikuambie ukweli, nilipata nafuu, kwa sababu sasa nilikuwa na sababu ya kutoenda. Mtu mwenye haya anaweza kufurahia hata kitu kama hicho. Nilijichukia, lakini nilifurahi.

Mwezi uliopita ulipotuambia Mzee Gathogo amekuchukua, sikulala vizuri. Wiki iliyopita nikakuambia naenda kununua vipuri. Nilienda Cheptais.

Nilimpata sokoni, siku ya soko, amekaa nyuma ya vitunguu na viazi, amevaa kofia ya sufu imefunika masikio. Amezeeka. Nilisimama kando ya mama anauza kabichi, nikamwangalia labda nusu saa. Unanijua. Mwishowe yeye ndiye aliinua kichwa.

"Weeee. Wekesa. Unachunga nini hapo kama polisi?"

Nikaja. Nikasimama upande wake wa kulia, nikaanza kusema, akanishika mkono akanivuta upande ule mwingine. "Ongelea huku, bana. Hilo lingine ni la kushikilia kofia tu."

Nikasema niko na neno.

Akasema, "Unataka nini? Vitunguu ama msamaha? Vitunguu niko navyo."

Yule mama wa kabichi akacheka, hajui kitu. Mimi nikakaa chini kwa gunia. Nikamwambia: nilijibu. Mara tatu. Nilikumbuka siku hiyo na nimekumbuka kila siku.

Akapanga vitunguu yake. Halafu akasema hivi, na nataka uyaweke haya maneno kichwani kuliko yangu yote.

"Unafikiri sikujua? Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Unajibu sawa, na kamba yenyewe inatetemeka. Inatetemeka kama waya ya simu. Nikasema, huyu mjinga anasikia baridi lakini bado ako hai, wacha nimpe dakika. Ukajibu ya tatu, na kamba imenyamaza. Hakuna kutetemeka. Imelala tu mkononi. Ndio nikaruka."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mzee.

"Nilimwambia! Akasema najitetea. Ungesema neno moja, Wekesa. Moja. Hata kichwa ungetingisha."

Nikasema, nimekuja kusema sasa.

Na hapo ndio alikasirika. Akaweka kitunguu chini. "Unaniambia mimi? Mimi nilikuwa huko. Mimi nimerudi nyumbani watoto wa shule wananiita Baba Usingizi. Enda umwambie yule mzee. Na mwanao nasikia anaenda huko huko. Sasa huyo mtoto akijibu sawa, ni nani ataumia? Ni yeye? Ama ni mtoto wa mtu mwingine ameshika kamba?"

Hakuniambia amenisamehe. Alinipa vitunguu kwa karatasi, akakataa pesa, akageuka akaanza kuongea na mteja. Vile vitunguu mlikula jioni hiyo. Mama yako alisema ni vikali.

Sasa ona mimi ni mtu gani. Nimetoka Cheptais nimejaa nguvu. Nikaweka salio, nikapigia Mzee Gathogo simu. Akashika. "Haloo, Baba Wafula, habari ya siku nyingi!" Na mimi nikasema, "Wafula atafika Jumapili, mzee." Nikakata. Nikapiga tena siku ya pili. Nikauliza kama huko kuna mvua.

Kuna mvua! Mwezi wa saba! Nimeuliza mtu wa Kitale kama kuna mvua!

Nilitupa simu kwa kitanda. Hiyo ndiyo ile hasira kubwa nakuambia. Sijakasirikia mtu mwingine. Ni huu mdomo. Uliweza kusema sikumbuki nikiwa nusu maiti, na sasa nimeshiba, nimekaa kwangu, hauwezi kusema nakumbuka.

Kwa hivyo, Wafula, sikuandikii ndio uwe mtu mzuri. Wewe ni mtu mzuri kuliko mimi. Naandika kwa sababu juzi ulijibu moja mara tano na mimi nilikuwa na kamba mkononi, na nilisikia kile Ndiema alisikia. Ilikuwa inatetemeka. Sikuwa najua kamba inaweza kuongea hivyo, mimi siku zote nilikuwa upande ule wa chini. Nikaomba isinyamaze. Kama ingenyamaza sijui ningefanya nini, mimi na hivi vidole.

Huko Kibomet utapewa kijana wa kukushikia kamba. Simjui. Labda ni rika yako, labda ni mtani, labda hata humpendi. Atavuta moja, kukuuliza. Ukisikia baridi, vuta tatu. Atakucheka? Acha acheke. Watakuita jina? Watakuita. Ukitetemeka kwa ukingo mbele ya watu wote wa shamba, tetemeka, baba. Mimi ndiye nilikuangalia vibaya siku ile ya matope, na mimi ndiye nakuambia nilikosa. Ulikuwa mtoto umelowa maji ya mto mwezi wa nane. Ningevua koti langu, mila ingekataa, wazee wangenitukana, sijui. Lakini macho ningeweza kuyafanya yawe ingine. Macho yalikuwa yangu.

Nasikia sauti yenu ng'ambo ya mto, mama yako anamwita mbwa. Nimalize.

Nilikuwa nimepanga kesho nikufikishe kwa stage halafu nirudi kwa banda. Nimebadilisha. Nitaenda na wewe mpaka Kibomet, mpaka kwa mlango wa Mzee Gathogo. Nimeshavaa ile shati nzuri, nitalala nayo leo ndio asubuhi nisipate sababu. Nitamwambia Ndiema aliuliza na mimi nilijibu. Nitasema mbele yako. Halafu nitamwomba amtume mtu Cheptais amwite Ndiema arudi kazini, kwa sababu kushika kamba ni mikono, si masikio. Akikataa, amekataa. Ndiema mwenyewe anaweza kukataa. Lakini nitakuwa nimesema.

Hii barua nitaiweka kwa mfuko wa koti lako kabla hamjalala. Isome leo. Nataka uwe unajua kabla tufike, kwa sababu mimi najijua. Tutafika pale, mzee atatuletea viti, ataleta chai, ataniuliza habari ya baiskeli, na mimi nitaanza kuongea mambo ya mvua.

Ukiona hivyo, simama nyuma yangu. Shika sweta yangu hapo mgongoni, chini, mzee asione. Vuta moja.

Nitajibu.

Ni mimi baba yako,
Wekesa.

Nasikia baridi hapa. Nimeandika hii yote bila koti.